Usiiruke ile sehemu ya maduka ya Wahindi

Wiki hii nimepata meseji ndefu ya mwalimu kijana, naifupisha: "Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu, shule ya kata huku Ilemela, ukisimama dirishani ziwa unaliona. Darasa lina watoto 84, nakala za Weep Not, Child, ile riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya, tunazo 6. Juzi tumefika pale mwanzoni panapoongelewa maduka ya Wahindi mjini Kipanga, darasa zima likamgeukia binti mmoja, baba yake Muhindi mama yake Msukuma, wakaangua kicheko, mmoja akamwita chotara. Tangu siku hiyo haongei, Ijumaa hakuja kabisa. Alafu mzazi mwingine kanipigia simu anasema ubaguzi wa rangi uliisha na uhuru, kwanini tunawachochea watoto. Nimewaza niiruke ile sehemu niende moja kwa moja kwenye mgomo na vita vya Mau Mau. Unanishaurije?"

Marahaba mdogo wangu, na pole. Nisikuzungushe, jibu langu ni kwamba usiiruke. Lakini pia usirudi nayo Jumatatu asubuhi kama vile hakuna kilichotokea, manake kuna mtoto kaumia na huyo ndo wa kwanza, kitabu ni cha pili. Nitafika kwake mwishoni, ngoja kwanza nikueleze kwanini naona ile kurasa mbili tatu unayotaka kuiruka ndo ufunguo wa riwaya nzima.

Kitabu kifungue tena ukisome polepole peke yako bila kuwaza mtihani. Pale Kipanga kuna maduka ya Wahindi na kuna maduka ya Waafrika, na mwandishi anatupa maneno ya mtaani. Watu wanasema Muhindi anamwogopa mzungu, ukiwa dukani kwake unanunua kitu akiingia mzungu basi wewe unaachwa umesimama, Muhindi anaanza kutetemeka anamhudumia yule. Alafu hapohapo wengine wanasema hapana, ule mtetemeko ni ujanja tu, yule mama wa kizungu akishaona anaogopwa hivyo analipa bei yoyote anayotajiwa. Unaona hapo? Kuna maneno mawili yanayopingana kuhusu watu walewale na mwandishi hajasema lipi kweli. Ni umbea wa sokoni, kama tunavyoongea sisi kwenye hiace, na anayeusikia ni Njoroge, mtoto mdogo ambaye bado anajifunza dunia imepangwaje. Sasa wanafunzi wako wamesoma umbea wakadhani ni hukumu ya kitabu, wakaona kitabu kimewaruhusu. Swali la kuwauliza hapo ni rahisi sana na ni la Kiingereza safi kabisa, nani anaongea hapa? Ni mwandishi, ni Njoroge, au ni watu wa Kipanga? Mwache mtoto aweke kidole kwenye mstari aonyeshe.

Alafu usiishie hapo, endelea mistari michache tu utamkuta yule bibi maskini. Watu wanasema weusi tuungane tununue kwa weusi wenzetu tu, yeye anajibu haya, basi hao weusi wenzetu nao washushe bei, kama hawashushi kwanini mninyime mie maskini kununua kwa mtu yeyote, awe mweupe awe mwekundu, anayeuza rahisi? Mdogo wangu, yule bibi hana hata jina lakini kwangu mimi ni kati ya watu wenye akili zaidi kwenye kile kitabu. Kauliza swali ambalo Jacobo, yule tajiri Mwafrika aliye upande wa wazungu, baadaye analijibu kwa vitendo, kwamba weusi mmoja hauna maana kama mmoja ana shamba la pareto na mwenzake ni mpangaji kwenye ardhi ya huyo huyo. Ukiruka ule ukurasa umemruka bibi, na ukimruka bibi watoto watafika kwa Jacobo wataandika "Jacobo is a traitor" wamalize, hawatajua kwanini.

Kuna kosa nililofanya mimi mwenyewe nataka ulijue. Miaka ya mwanzo nikifundisha, shule moja ya bweni, nilikuwa na shauku sana ya kuigiza, nikaamua darasa liigize shamba la Howlands, yule mlowezi wa kizungu wa kwenye riwaya. Nikatafuta wa kuwa Howlands. Kulikuwa na kijana mmoja mweupe mweupe, Mhaya, nikamchagua yeye, kwa macho tu, sikuwaza hata sekunde mbili. Igizo lilienda vizuri, walicheka, walielewa, nikajisifu. Yule kijana aliitwa Howlands mpaka anamaliza kidato cha nne. Bwalo la chakula Howlands, kwenye mpira Howlands, wakigombana naye wanamwambia turudishie ardhi yetu. Nilikuja kumkuta mtu mzima ndo akaniambia, kwa upole tu, na mimi sikuwa na la kusema zaidi ya kumwomba radhi. Nilikuwa nafundisha riwaya inayolia kuhusu watu kupangwa kwa ngozi zao na mimi mwalimu nikawapanga kwa ngozi zao. Kwahiyo ukigawa nafasi za kuigiza gawa kwa kura, karatasi kwenye kopo, au kila anayesoma ukurasa mpya anabadilisha mhusika. Na mtoto yeyote asifanywe mfano wa kabila lake, wala wa dini yake, wala wa baba yake.

Sasa twende kwenye kiini. Naona walimu wengi, hata notsi zile zinazouzwa stendi, wanaanza na "racism" kama vile ni ugonjwa wa moyo, wazungu walikuwa na chuki, basi. Mtoto akikariri hivyo atajua kuchukia tu. Anza na sheria na ardhi. Ngotho, baba yake Njoroge, anafanya kazi kwenye shamba la Howlands, na lile shamba lilikuwa la mababu zake Ngotho. Alipelekwa vita kuu ya kwanza, wakafyeka njia za kupitisha wanajeshi, karudi kakuta ardhi ishaenda. Howlands naye katoka vita hiyohiyo, kachoka, kaja Afrika kapewa ardhi. Wote wawili wanalipenda lile shamba, kuna mahali wanatembea pamoja wanaangalia mimea na unaona kabisa kila mmoja moyoni anasema hii ni yangu. Wape watoto hiyo picha kabla hujawapa neno ubaguzi.

Alafu waambie mpangilio ulivyokuwa, na hapa uwe na vitu vya kushika. Kenya kuanzia 1920 mwanaume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande, karatasi ya kazi yenye alama za vidole, wengi wanaivaa shingoni kwenye kikopo cha bati. Neno lenyewe ni Kiswahili, watoto wataelewa bila kamusi. Kule nyanda za juu zilizotengwa kwa wazungu, Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki, na Muhindi vilevile hakuruhusiwa kumiliki. Hiyo sentensi ya mwisho isome mara mbili darasani. Muhindi anaonekana dukani kwasababu shamba alifungiwa. Mwafrika naye haonekani dukani kwasababu enzi ya Mwingereza, huku kwetu Tanganyika pia, kulikuwa na sheria ya kuzuia mkopo kwa wenyeji, mfanyabiashara hawezi kumdai mwenyeji mahakamani mkopo ambao serikali haikuidhinisha, sasa nani atakukopesha mtaji hapo? Na yale mazao ya hela watu wengi walikatazwa, ndo maana kwenye riwaya kule Jacobo kuruhusiwa kulima pareto ni jambo kubwa, ile pareto ndo bei aliyolipwa. Yani kila mtu kawekewa ngazi yake, wa juu, wa kati, wa chini, alafu yule wa chini anamwona wa kati kila siku dukani kwa macho yake, wa juu hamwoni, yuko kilimani huko. Hasira inamwangukia anayeonekana. Darasa lako juzi limefanya kitu hichohicho, miaka sabini baadae, bila Mwingereza yeyote kuwepo.

Na hapa Mwanza hii habari tunayo, hatuhitaji kuikopa Kenya. Waulize watoto nyumbani kwao nani alilima pamba. Usukuma nzima watainua mikono. Mkulima alilima yeye, lakini kununua na kuchambua pamba, vinu vile, kulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wengi wao Wahindi, na kilio kikubwa kilikuwa mizani. Unapeleka pamba yako unaambiwa kilo pungufu na hujui kusoma mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 50 wakulima wakaanza kuweka watu wao vituoni kuhakikisha vipimo, Paul Bomani na wenzake wakajenga vyama vya ushirika mpaka 1955 ikazaliwa VFCU, muungano wa vyama vya ushirika vya kanda ya ziwa, na kufika mwishoni mwa miaka hiyo ushirika ndo uliokuwa ukinunua pamba ya ukanda huu. Angalia walivyofanya. Dhuluma ilikuwa kwenye mizani, wakaishika mizani. Mtoto akiona hilo anapata swali zuri la kuwauliza watu wa Kipanga, nyie tatizo lenu ni Muhindi au ni nani kaandika sheria?

Nakuongezea kingine cha hapahapa. TANU, chama cha kudai uhuru, ilikatazwa kufanya shughuli zake Usukumani tangu 1954 hadi 1958. Mwaka huo wa 1958 serikali ikataka Geita iwe na halmashauri ya mseto, viti vya Waafrika, Wahindi na wazungu, wakati wazungu na Wahindi wenyewe Geita walikuwa wa kuhesabu, watu wakakataa, wakaja mpaka Mwanza mjini kupinga, polisi wakawatawanya. Na uchaguzi wa 1958 na 1959 ulikuwa wa kura tatu, mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Muhindi mmoja, mzungu mmoja. Ile ngazi ya Kipanga ilichapwa kwenye karatasi ya kura. Wengi TANU walitaka kususa, Nyerere akawashawishi pale Tabora Januari 1958 waingie, wakawaunga mkono Waasia na wazungu waliokubaliana nao, wakashinda. Mmoja wa walioingia hivyo ni Amir Jamal, amezaliwa hapahapa Mwanza mwaka 1922, baadaye akawa waziri wa fedha wa nchi hii kwa vipindi kadhaa. Mtaje darasani kwa jina na kwa mji wake, mtaje kama mtoto wa Mwanza, na wala usimwangalie yule binti wakati unamtaja, nakuomba sana hilo. Kwa upande wa Kenya ambako riwaya inatokea mtaje Makhan Singh, Muhindi mwana wa vyama vya wafanyakazi, Mwingereza alimfungia tangu 1950 hadi 1961, na Pio Gama Pinto, mwenye asili ya Goa, aliyewekwa kizuizini 1954 na akaja kuuawa kwa risasi Nairobi 1965. Riwaya haiwataji hao, ni jicho la mtoto wa kijijini na mtoto wa kijijini asingewajua. Ila wanafunzi wako wanatakiwa wajue kwamba kijiji hakikuwa kinaona kila kitu.

Kuhusu yule mzazi. Usimdharau, ana hofu ya kweli, sisi tumelelewa kwamba Tanzania hatuna ukabila wala rangi na ukiongelea unaonekana unachokonoa. Mpigie wewe, mkaribishe hata akae nyuma ya darasa kipindi kimoja. Mwambie Mwingereza alitangaza hali ya hatari Kenya Oktoba 1952 kupambana na Mau Mau, zaidi ya watu 1,000 wakanyongwa kwa hukumu za mahakama, walowezi wa kizungu waliouawa miaka yote ile ni 32, na maelfu kwa maelfu wakapita kwenye kambi za kuzuiliwa. Juni 2013 ndo serikali ya Uingereza ikasimama bungeni ikasema inasikitika, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa. 2013 mdogo wangu! Wanafunzi wako walikuwa wadogo lakini wewe ulikuwa unajua kusoma gazeti. Mtu aliyefanyiwa yale aliyofanyiwa Ngotho alikuwa bado hai anasubiri fidia. Mwandishi mwenyewe, Ngũgĩ wa Thiong'o, amefariki juzi tu, Mei 2025. Sasa yameishaje?

Na ongeza kwamba kitabu hakimchochei mtu kwasababu kinaonyesha hasara ya pande zote. Mwishoni Jacobo kauawa, Howlands kauawa, Ngotho kafa kwa mateso baada ya kukiri kosa ambalo hakulifanya ili kumwokoa mwanae Kamau, Boro kaka yake Njoroge anasubiri kunyongwa, na Njoroge, yule aliyeamini elimu itaokoa familia na nchi, anaishia kubeba kamba yake mwenyewe kwenda porini mpaka mama yake anamwita. Mtoto gani atatoka hapo anataka vita?

Hapo kwenye elimu kaa sana. Mimi hapo ndo huwa natumia vipindi vingi kuliko mahali pengine popote, kwasababu ndo panawagusa watoto wa shule ya kata kuliko rangi. Kamau kaenda kujifunza useremala kwa fundi Nganga ili mdogo wake asome. Familia nzima imejikamua kwa mtu mmoja. Ukiangalia darasa lako utawakuta akina Njoroge wengi, mtoto ambaye kaka yake anavua dagaa usiku kucha au dada yake anauza genge Kirumba mwaloni ili yeye avae yunifomu. Waulize kwa maandishi, kila mtu kwenye daftari lake bila kusoma kwa sauti, nani amekuwa Kamau wako? Utasoma vitu vitakavyokukalisha chini. Alafu uwaulize kwanini elimu ya Njoroge ilishindwa, ni yeye mvivu? Hapana, alifaulu, alifika Siriana, sekondari ya wamisionari. Alitolewa darasani na askari. Hapo sasa wanaelewa ukandamizaji maana yake nini, kwamba unaweza ukafanya kila kitu sawa na bado.

Kuna kipengele kingine kizuri ambacho hakina hatari na kinawachangamsha, kile kipindi cha Kiingereza cha mwalimu Lucia. Wale watoto wanafundishwa kusalimia, anakuja mgeni mama wa kizungu mchana, watoto wanaitika "Good morning, sir" na Lucia anataka ardhi impasukie aingie. Darasa lako litacheka, waache wacheke, kicheko hicho hakimwonei mtu. Kisha waulize lini wao walichapwa kwa kukosea Kiingereza, lini walibaki kimya wanalijua jibu kwa Kisukuma na kwa Kiswahili lakini Kiingereza kikawanyima. Kumbuka kile kitabu kiliandikwa na kijana wa Makerere, ng'ambo ya ziwa hilihili unaloliona dirishani, mwaka 1962 alikuwa na mswada wake mkononi, kikatoka 1964 jina likiwa James Ngugi, na baadaye huyohuyo akaacha lile jina na akaamua riwaya zake ataandika kwa Kigikuyu. Na ziwa lenyewe, waulize linaitwaje na nani kalipa jina. Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alifika upande huu wa Mwanza Agosti 1858 akaliita kwa jina la malkia wake, wakati watu walikuwa wanaliita Nyanza na wanakula sato wake siku zote.

Kwahiyo kuhusu lugha, ruhusu mjadala kwa Kiswahili. Najua wakaguzi, najua bango la "speak English only". Lakini mtoto hawezi kuongelea kitu kinachouma kwa lugha anayoitafuta kwenye kamusi. Wajadili kwa Kiswahili, dakika kumi za mwisho waandike aya moja kwa Kiingereza, NECTA watapata Kiingereza chao na watoto watapata kitabu.

Vitabu 6 kwa watu 84 inawezekana, nimefanya kwa 4. Usisome sura nzima kwa sauti huku wengine wanasinzia. Chagua kurasa kama kumi na mbili tu za kitabu kizima zile nzito, ziandike kwenye manila kwa maka nene au ukipata mtu wa fotokopi zipunguze nne kwa karatasi moja, makundi ya watu kumi na mbili kila kundi na msomaji wake. Katikati ya hizo kurasa wewe unawasimulia kama bibi anavyosimulia, kitabu chenyewe kina usiku wa hadithi kwenye kibanda cha Nyokabi, mama yake Njoroge, Ngotho anasimulia Gikuyu na Mumbi walivyopewa nchi, kwahiyo kusimulia sio kudanganya. Zile pamfleti za dhamira na ujumbe wasomee baadaye wakati wa rivishen, akizisoma mwanzo kitabu kimekufa kabla hajakifungua.

Mateso. Yale ya kituoni, koleo, yale aliyofanyiwa Ngotho na alivyotishiwa Njoroge, usiyafiche ila usiyaigize na usimsomeshe mtoto kwa sauti. Soma wewe, sauti ya kawaida, kisha kaa kimya kidogo, alafu endelea na jambo la kuandika. Katika watoto 84 yupo aliyepigwa vibaya na mtu mzima, usijidanganye.

Kuna walimu wa kanda hii wanapenda kufananisha na mauaji ya watu wenye ualbino, yale yaliyotutia aibu Mwanza, Shinyanga na Geita kuanzia karibu 2007. Mfano una nguvu, ngozi kuamua nani mtu. Lakini nakushauri uutumie tu kama huna mtoto mwenye ualbino darasani, na kama unaye basi umwulize kwanza pembeni na akisema hapana iwe hapana. Na ueleze tofauti, kule ni sheria ya serikali ilimpanga mtu, huku ni imani za kishirikina na biashara. Ukichanganya kila uonevu kwenye chungu kimoja mtoto hatajua cha kushika.

Sasa binti. Usimwite ofisini mbele ya wenzake, usimwombe radhi mbele ya darasa, usimwambie aje aeleze Uhindi ukoje. Kama Ijumaa hakuja nenda kwao au mtume mwalimu wa kike anayemwamini, mkae, umwambie wazi kwamba siku ile ulitakiwa kusimamisha kipindi na hukusimamisha. Neno hilo likitoka kwako litamsaidia kuliko adhabu utakazogawa. Muulize angependa akae wapi, na rafiki yake nani akae naye. Mwambie kitakachosomwa kabla hakijasomwa, ukurasa kwa ukurasa, asishtukizwe tena. Umpe na vile vipande viwili ambavyo mtu asiyesoma mpaka mwisho havijui. Kimoja ni pale mtoto wa Kihindi anapompa Njoroge pipi, Nyokabi anamgombeza mwanae, na Njoroge anabaki anamhurumia yule mtoto. Kingine ni pale Siriana kwenye michezo, Stephen mtoto wa Howlands na Njoroge wanaongea, wanagundua utotoni kila mmoja alikuwa anataka kumsogelea mwenzake na kila mmoja alikuwa anaogopa. Usimpe kama kazi, mpe asome akitaka.

Aliyemwita chotara mwite peke yake, naye ni mtoto, muulize neno hilo kalitoa wapi. Mara nyingi utaambiwa nyumbani. Siku hiyo usimchape, mpe ukurasa wa bibi maskini aunakili wote kwa mkono na aje akueleze bibi anamjibu nani. Darasa zima nalo liambie mara moja tu, bila kumtaja mtu, kwamba humu ndani maneno ya kumwita mtu kwa damu yake hayatumiki, alafu uendelee na kazi, hotuba ndefu zitamrudisha binti katikati ya macho ya watu.

Ukirudi kwenye ile sehemu, subiri wiki moja hivi, anza na bibi, rudi nyuma kwenye umbea, yani kinyume na kitabu kilivyopanga. Watakaposoma ule mtetemeko wa Muhindi watakuwa tayari na swali la bibi kichwani, na sheria ya mikopo ubaoni. Uandike ubaoni maswali mawili tu, nani anaongea, na nani kanufaika. Hayo mawili yatakubeba mpaka ukurasa wa mwisho.

Na nina nakala tatu hapa nyumbani, majalada yamechakaa nimeyashona kwa uzi ila kurasa zote zipo, mbili zina maandishi yangu ya penseli pembeni usiyajali. Nitakuachia Buzuruga kwenye duka la dawa la jirani yangu Jumamosi kuanzia saa nne, uje na mfuko usiopitisha maji manake mvua siku hizi haitabiriki. Wabeja sana kwa kuuliza.